Filamu Fupi, Matamasha Yake na Swali la Mtazamaji

Wapo ndugu zetu wanaodhani kuwa kuzungumzia filamu katika kurasa za nadharia ni anasa. Husema kwamba kada ana kazi ya kuwaelimisha wananchi juu ya uzalishaji, na kwamba picha za dakika kumi au ishirini ni mchezo wa vijana wa mjini. Wapo na wengine, hasa miongoni mwa wanafunzi waliokwisha kuhudhuria tamasha moja au mawili, wanaoamini kwamba filamu ikishatunukiwa ng'ambo imekwisha kupimwa, na kazi iliyotubakia ni kupiga makofi. Makundi haya mawili yanaonekana kupingana, lakini kosa lao ni moja. Hakuna kati yao linalojiuliza: filamu hiyo anaitazama nani, nani amelipia, na baada ya taa kuwashwa kunazungumzwa nini?

Hapana budi kwanza tuelewane juu ya maneno. Kwa kanuni za matamasha mengi, filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 30 au 40. Hilo halina utata. Neno lenye utata ni hili la pili, yaani "huru". Mtengenezaji huwa huru kutoka kwa nani? Kijana asiyefungwa na kampuni kubwa ya sinema aweza kuwa amefungwa na mfadhili, na asiyefungwa na mfadhili aweza kuwa amefungwa na ladha ya waamuzi wa Ulaya ambao hajapata kuwaona. Filamu fupi huwa karibu na uhuru kwa sababu moja tu ya kiuchumi: ni rahisi kuitengeneza. Haihitaji nyota wa kulipwa wala kumbi mia moja za kurudisha gharama. Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo huifanya ikose mahali pa kuonyeshwa, maana mwenye ukumbi anauza tikiti ya saa mbili, hauzi tikiti ya dakika ishirini. Tamasha lilizaliwa katika pengo hilo.

Urithi wa Vugiri

Watu wengi hawajui kwamba nchi yetu ilikuwa mojawapo ya mahali pa kwanza katika Afrika ambapo filamu fupi zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya Waafrika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa sinema kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35. Zilihusu kodi, safura, akiba ya posta, kilimo. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, na filamu zikazungushwa vijijini kwa lori.

Tukizichunguza filamu hizi kwa umbo lake tutaona kanuni moja. Yuko mjinga na yuko mwerevu. Mwerevu husikiliza mashauri ya serikali naye hufanikiwa. Mjinga hashauriki, naye hupata hasara. Hatuambiwi kamwe kwa nini mjinga hana fedha, wala kodi anayoilipa inakwenda wapi. Umaskini umegeuzwa kuwa tabia ya mtu. Huo ndio msingi wa itikadi ya kikoloni katika sinema, nao haukuhitaji kumtukana Mwafrika waziwazi. Ulihitaji tu kumwonyesha kuwa tatizo lake ni yeye mwenyewe.

Tunalisema hili kwa sababu kanuni ya Vugiri haikufa pamoja na ukoloni. Mtu akitazama leo filamu fupi nyingi zinazotengenezwa kwa fedha za miradi, za dakika kumi na mbili, juu ya chandarua, juu ya mikopo midogo, juu ya kunawa mikono, atawakuta mjinga na mwerevu wale wale, wamevaa nguo mpya tu. Hatusemi kwamba chandarua si kitu kizuri. Tunasema kwamba filamu inayomfundisha mama kutumia chandarua bila kuonyesha dimbwi lililo mbele ya nyumba yake, na ni nani aliyepaswa kulifukia, imekomea nusu ya ukweli. Na sisi wakufunzi wa siasa tusijitoe katika lawama hiyo. Ni mara ngapi tumeagiza filamu ya namna hii kwa ajili ya mafunzo yetu, tukairuhusu kwa kuwa haimuudhi mtu?

Mkokoteni wa Dakar

Mfano wa kinyume chake tunaupata kwa Ousmane Sembène wa Senegal. Yapasa kukumbuka historia yake. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akawa kuli wa bandarini Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, akaandika riwaya kwa Kifaransa, kisha akatambua kwamba wale aliokuwa akiwaandikia hawakujua kusoma. Akaenda Moscow kujifunza sinema, akiwa mtu mzima karibu miaka arobaini. Aliporudi alitengeneza Borom Sarret, filamu ya dakika zipatazo ishirini, mwaka 1963.

Ili tuelewe uzito wa mwaka huo, tukumbuke kwamba mwaka 1934 Ufaransa ilikuwa imetoa amri, inayojulikana kwa jina la waziri Laval, iliyomlazimu kila mtu atakaye kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika kuomba kibali. Kwa hiyo Paulin Vieyra na wenzake walipotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955 waliipiga Paris. Mwafrika aliweza kumpiga picha Mwafrika mwenzake katika mji mkuu wa mkoloni, lakini si nyumbani kwake.

Kisa cha Borom Sarret ni siku moja ya mwenye gari la farasi. Asubuhi anasali, anaagana na mkewe, anakwenda kutafuta riziki. Abiria wa kwanza ni majirani wanaopanda bila kulipa, kama kawaida yao. Anamchukua mama mjamzito hadi hospitali ya wazazi. Ombaomba mlemavu anamsihi, naye hamjibu. Mara anatokea msifu wa koo, anaimba ushujaa wa mababu zake, na mtu huyu ambaye ameacha nyumba haina chakula anatoa chumo lake la asubuhi kwa ajili ya sifa. Kisha anambeba baba aliyeshika maiti ya mtoto mchanga. Penye lango la makaburi baba huyo anakataliwa kwa kuwa karatasi zake si sahihi, na mwenye gari anamwacha pale, na maiti iko chini. Hatimaye kijana mmoja aliyevaa vizuri anamtaka ampeleke Plateau, mtaa uliokuwa wa Wazungu, ambako magari ya farasi yamekatazwa. Muziki wa filamu wenyewe unabadilika wanapoingia huko: vinanda vya Kiafrika vinanyamaza, vinalia vya Ulaya. Askari anamsimamisha. Anapotoa karatasi zake inaanguka nishani yake ya vita, na askari anaikanyaga kwa buti. Gari linakamatwa. Abiria ametoweka bila kulipa. Mtu wetu anarudi nyumbani na farasi mtupu. Mkewe anamkabidhi mtoto mikononi mwake, anatoka, akisema kuwa jioni watakula.

Mhakiki mvivu atasema kwamba hii ni filamu juu ya ugumu wa maisha. La hasha. Tazameni jinsi ilivyopangwa. Kila tukio ni uhusiano wa kiuchumi, na katika kila uhusiano mwenye gari ananyang'anywa kitu au anamnyima mtu kitu. Yeye si malaika. Kwa ombaomba yeye ndiye tajiri, na penye makaburi yeye ndiye anayeondoka. Sembène hakumpamba mnyonge ili tumpende. Alimweka mahali pake katika ngazi, na akatuonyesha kuwa hata kwenye kipandio cha chini kabisa kuna mtu anayemkanyaga mwingine. Na askari anayeikanyaga nishani si Mfaransa. Ni Mwafrika, miaka mitatu baada ya uhuru, akilinda mipaka ya mtaa ule ule aliouchora mkoloni. Mjinga na mwerevu wa Vugiri hawamo humu. Filamu nzima haimlaumu mtu huyu kwa tabia yake, wala haimsafishi.

Ina kasoro? Inayo. Mwenye gari anafikiri kwa Kifaransa. Sauti iliongezwa baadaye, naye Sembène mwenyewe ndiye anayeisoma, kwa lugha ambayo mtu wa namna ile asingeitumia akiwa peke yake na farasi wake. Hii si kasoro ndogo. Filamu iliyofanywa kwa ajili ya wasiojua kusoma Kifaransa ilizungumza nao kwa Kifaransa. Sembène alilijua hilo, na kufikia mwaka 1968, katika Mandabi, watu wake walizungumza Kiwolofu.

Lakini swali letu ni la mtazamaji. Filamu hii ilitunukiwa mwaka 1963 katika tamasha la filamu fupi la Tours, nchini Ufaransa. Tours ndiko ilikoanza kujulikana. Wenye magari ya farasi wa Dakar hawakuwa na ukumbi wa kuionea, maana usambazaji wa filamu katika makoloni yote ya zamani ya Ufaransa ya Afrika Magharibi ulikuwa mikononi mwa kampuni mbili, COMACICO na SECMA, nazo zilikuwa zikileta filamu za Ulaya, Marekani na Uhindi. Huu ndio mkanganyiko wa tamasha: humtambulisha msanii kwa dunia, na wakati huo huo humficha kwa watu wake.

Tamasha ni la nani?

Tusifanye haraka kuyatupa matamasha yote katika kapu la ubepari. Tamasha la Oberhausen lilianzishwa mwaka 1954 katika mji wa makaa ya mawe na chuma, bonde la Ruhr, na mwanzilishi wake, Hilmar Hoffmann, alikuwa mkuu wa chuo cha elimu ya watu wazima. Yaani lilizaliwa katika kazi inayofanana na yetu. Kuanzia mwaka 1958 lilijitangaza kuwa njia ya kumwendea jirani, na katika miaka ya vita baridi, wakati ambapo jirani wa mashariki alikuwa adui rasmi, lilionyesha filamu za nchi za kisoshalisti kiasi cha kuitwa jekundu na wapinzani wake. Hapo ndipo mnamo tarehe 28 Februari 1962 vijana 26 walipotia sahihi tamko kwamba sinema ya zamani ya Ujerumani Magharibi imekufa na kwamba wao wako tayari kujenga mpya. Wote 26 walikuwa wanaume. Jambo hilo mara nyingi huachwa katika masimulizi. Hata hivyo tamko lao lilizaa matunda. Mwaka 1965 ulianzishwa mfuko wa kuwasaidia waongozaji wapya. Dai lililotolewa kwenye tamasha la filamu fupi lilibadilisha sera ya nchi.

Lakini mwaka 1968 tamasha hilo hilo liliiondoa filamu fupi ya Hellmuth Costard iliyokuwa ikikejeli sheria mpya ya filamu na kifungu chake cha maadili, na watengenezaji wengi wakaondoa kazi zao kwa kumuunga mkono. Na upande wa pili wa mpaka? Tamasha la Leipzig, lililoanza mwaka 1955, lilizipa jukwaa filamu za Cuba, za Vietnam na za harakati za ukombozi wakati wengi wa magharibi wakizifungia mlango. Heshima hiyo ni yake. Lakini mwaka 1983 vijana waliokusanyika na mishumaa mbele ya ukumbi wake, wakitaka amani, walikamatwa. Ndani, tamasha lilikuwa likisifu amani. Kada anayesoma habari hii asiseme kuwa hayo ni ya Wajerumani. Chama kinachoandaa jukwaa la watu kusema hapana budi kijiulize mapema kitafanya nini watu watakaposema.

Mfano wa Ouagadougou una mafunzo zaidi kwetu. Wiki ya kwanza ya sinema ya Kiafrika ilifanyika huko mwaka 1969. Mwaka uliofuata, katika mgogoro na zile kampuni mbili za usambazaji, serikali ya Volta ya Juu, mojawapo ya nchi maskini kabisa duniani, ilitaifisha kumbi za sinema. Mwaka 1972 tamasha likaanza kutoa tuzo ya Farasi wa Yennenga. Na filamu fupi nazo baadaye zikapata tuzo yake, iitwayo Mwana-farasi. Cha kuzingatia hapa ni mfuatano. Tamasha halikubaki sherehe. Liliambatana na umilikaji wa kumbi. Watu wa mjini walijaa kutazama filamu za bara lao katika kumbi za nchi yao. Filamu yetu ya Arusi ya Mariamu, ya dakika 36, kazi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilitunukiwa huko mwaka 1985. Tujiulize ni Watanzania wangapi wameiona.

Cuba walilijibu swali la mtazamaji kwa njia nyingine. Taasisi yao ya filamu, ICAIC, iliundwa mwezi Machi 1959, miezi mitatu tu baada ya ushindi. Santiago Álvarez, akibanwa na vikwazo na uhaba wa vifaa, alitengeneza Now! mwaka 1965, dakika sita hivi, kutokana na picha za magazeti na vipande vya habari juu ya mapambano ya Wamarekani weusi, akizipanga kwa mapigo ya wimbo wa Lena Horne. Alikata na kuunga tu, na kwa kukata na kuunga akafanya hoja. Lakini filamu tunayowaomba wanafunzi waitafute ni ile ya Octavio Cortázar ya mwaka 1967, Por primera vez, yaani Kwa Mara ya Kwanza. Gari la sinema linakwenda katika kijiji cha milimani ambako watu hawajapata kuona filamu. Wanaulizwa wanadhani sinema ni kitu gani. Usiku wanaonyeshwa Chaplin, na kamera inawageukia wao. Kwa dakika chache tunachokitazama ni nyuso za watazamaji. Hatujui filamu nyingine iliyomfanya mtazamaji awe ndiye habari yenyewe.

Soko la leo halihitaji maneno mengi. Matamasha sasa ni maelfu, na mengi hutoza ada ya kupokea filamu, dola makumi kadhaa kila moja, bila ahadi yoyote. Yapo yanayodai filamu isiwe imeonyeshwa kwingine kwanza, kwa hiyo kijana hufungia kazi yake kabatini mwaka mzima, asiionyeshe hata mtaani kwake, akingoja jibu. Ushindi katika matamasha fulani huifungulia filamu fupi mlango wa kufikiriwa kwa tuzo ya Oscar, na mlango huo umekuwa sababu ya watu kulipa. Hata lile la Clermont-Ferrand, lililoanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1979 na ambalo leo huvuta watazamaji zaidi ya laki moja, halina kinga: mwaka 2023 uongozi wa mkoa ulilipunguzia ruzuku kwa zaidi ya euro laki moja. Anayetoa anaweza kuacha.

Kwetu

Wazee wanayakumbuka magari ya sinema ya serikali yaliyofika vijijini. Shirika la Filamu Tanzania liliundwa mwaka 1968, nalo halipo tena. Tamasha la Zanzibar lilianza mwaka 1998 katika Ngome Kongwe, na mojawapo ya kazi zake nzuri, ambayo haitajwi sana kama zulia jekundu lake, ni kuzipeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba. Kwa maoni yetu tamasha hilo lipimwe kwa vijiji hivyo kabla ya kupimwa kwa wageni wake. Na pasipo tamasha pana kibanda umiza, ambako wananchi hulipa shilingi chache kutazama filamu za kigeni zikifafanuliwa kwa Kiswahili na mtu mwenye kipaza sauti. Makada huvidharau vibanda hivi. Lakini ukumbi tayari upo, watazamaji wapo, na mfafanuzi yupo. Kinachokosekana humo ni filamu.

Katika kozi moja ya makada wa kata tuliwahi kuonyesha Borom Sarret, kwa projekta ya kuazima na shuka ukutani. Tulitafsiri wenyewe tukiwa tumesimama pembeni, kama wafanyavyo wa vibandani. Tulikuwa tumeandaa maswali juu ya ukoloni mamboleo. Hayakutumika. Ndugu mmoja, ambaye mwaka 2021 alishiriki katika kata yake kuwaondoa machinga barabarani, alinyoosha mkono akasema kuwa askari yule alikuwa anafanya kazi yake, kwamba sheria ya mji ni sheria. Mwingine akamjibu kuwa gari la farasi halikuwa na pengine pa kwenda. Wa kwanza akauliza, kwa haki kabisa, kwamba je, mji usiwe na utaratibu? Mjadala ulikula saa mbili, na chakula kikapoa. Jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba hakuna aliyeuliza filamu hiyo ilishinda nini.

Kisha mama mmoja aliyekuwa amekaa kimya, katibu wa tawi ambaye pia huuza chakula sokoni, aliuliza mke yule anakwenda wapi. Wanaume kadhaa walicheka kidogo na kuinamisha vichwa. Jibu lao lilikuwa wazi nyusoni. Yeye akasema: "Ndugu zangu, mnacheka kwa kuwa mmeshamhukumu. Filamu haikusema. Labda anakwenda kukopa unga kwa mwenzake, kama tufanyavyo siku zote, na nyinyi mkirudi mnakuta sufuria iko motoni, hamuulizi." Sisi wakufunzi tulikuwa tumeitazama filamu hiyo mara nyingi, na tulikuwa tumemhukumu kama wao. Tuliomba iwashwe upya kuanzia pale askari anapotokea, tukaitazama tena hadi mwisho, safari hii tukimwangalia mke.